Kambi ya Midiani

Katekista Lino alimtafuta Gideoni wiki mbili asimpate. Wa kwanza kukubali alikuwa Jacques mchinja nyama, mtu wa mabega mapana, lakini aliposikia kwamba mchezo utaonyeshwa upande wa Koboko, ambako karibu kila nyumba ina mtoto wake jeshini, goti lake likaanza kuuma ghafla. Wa pili akasema mke wake hataki. Basi Jumapili moja, mwanzoni mwa Desemba ya mwaka 1975, baada ya misa, Lino akasimama mbele ya waumini wa Ombaci, karibu na mji wa Arua, akasema waziwazi:

"Natafuta mtu mwoga."

Watu wakacheka.

"Sitanii. Gideoni alikuwa anapura ngano ndani ya shimo, amejificha adui wasimwone. Malaika alimkuta huko huko shimoni. Sasa nani hapa anaweza kutuonyesha mtu aliyejificha shimoni, mpaka tumwamini?"

Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vikaelekea benchi la tatu kutoka nyuma alipoketi Zéphyrin fundi baiskeli. Mji mzima wa Arua ulijua kwamba gari la jeshi likipinda kona ya soko, Zéphyrin hulala chali chini ya baiskeli aliyonayo na kukaza nati ambayo haikulegea. Alikuwa ametoka Aru, ng'ambo ya mpaka, miaka kumi na moja iliyopita, wakati wa vita vya Kongo, na alichokiona njiani hakumsimulia mtu.

Mke wake Léontine alimgusa kiwiko. "Simama, Baba Alphonsine. Wamekutaja bila kutaja jina."

Akasimama, kwa kuwa kukaa kulikuwa na aibu zaidi.

"Ile sehemu ya shimo," alisema, "mimi naweza."

Kanisa zima likapiga makofi, na hata yeye hakujua kama wanampongeza au wanamcheka.

Mchezo ulikuwa wa kufungua kanisa dogo la Midia, karibu na Koboko, lililokuwa limeezekwa mabati baada ya miaka mingi ya nyasi. Kwa wiki mbili nyumba ya Zéphyrin haikuwa na nafasi ya kupita. Mienge ya jeshi la Gideoni ilikuwa nyasi kavu zilizofungwa kwa vitambaa vikuukuu, na kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa adimu kuliko chumvi, Jacques alileta debe la mafuta ya ng'ombe ili watu wasahau goti lake. Léontine, ambaye kazi yake ilikuwa kufinyanga na kuuza vyungu, alifinyanga mitungi ishirini ya kuificha.

"Maisha yangu yote nafinyanga visivunjike," alilalamika huku akicheka. "Leo naambiwa nifinyange vya kuvunjika. Na ni kazi ngumu kuliko ile!"

Binti yao Alphonsine, mwenye umri wa miaka kumi na saba na mwandiko mzuri kuliko wote, aliandika maelezo ya mchezo kwenye karatasi mbili. Moja ilibaki nyumbani. Ya pili aliikunja akaitia ndani ya mtungi mmoja, ili mama yake akampe kiongozi wa kwaya ya Midia.

Na Zéphyrin, jamani, alikuwa hodari! Mazoezini aliingia shimoni akajikunja, akachungulia, akatetemeka hadi wanawake wakashika mbavu. Taabu ilianza alipotakiwa kutoka shimoni na kuongoza jeshi. Kila mara walipoanza kutembea, jemadari alijikuta yuko nyuma ya jeshi lake mwenyewe.

"Mbele, Fundi, mbele!" Lino alipiga kelele.

"Ninakuja," alijibu Zéphyrin kutoka mkiani.

*

Alhamisi, Léontine alitangulia Midia na mitungi yake na mienge, akiwa amepanda lori la tumbaku la dereva Ezati. Wengine wangemfuata Jumamosi. Ijumaa asubuhi Ezati alirudi peke yake. Alisimamisha lori katikati ya barabara, mbele ya kibanda cha Zéphyrin, akashuka bila kuzima injini.

"Fundi, acha hiyo gurudumu. Mama Alphonsine wamemushusha."

"Nani wamemushusha?"

"Askari. Kwa rodibloki, pale wanafunga barabara na kamba, kabla ya Koboko. Wamevunja mutungi moja kuangalia kama iko na risasi, ikatoka karatasi. Wakavunja na ingine saba. Wanasema ni mupango ya vita. Wanatafuta mutu moja anaitwa Gideoni."

Zéphyrin alitupa spana. Alikimbia nyumbani. Alphonsine alikuwa anafagia uani, na alipoona uso wa baba yake aliuacha ufagio ukaanguka. Walikaa kitandani wakaisoma ile karatasi iliyobaki, pole pole, kama wanaisoma kwa macho ya mtu mwingine.

*Watu mia tatu. Vikosi vitatu. Kuzunguka kambi ya Midiani usiku. Moto ufichwe ndani ya mitungi. Gideoni atatoa ishara. Vunja mitungi, piga pembe, wote mpige kelele: Upanga!*

"Baba," alisema Alphonsine, "mimi sikuandika Midia. Niliandika Midiani. Ni nchi ya zamani, ya kwenye Maandiko."

"Najua, mwanangu."

"Lakini mtu akisoma 'kambi ya Midiani'..."

Mtu yeyote anayejua Kiswahili angesoma kambi iliyoko Midia. Na Midia ilikuwa nyumbani kwa nusu ya askari wa rodibloki ile.

"Ni mimi nimemfunga Mama," alisema Alphonsine, akaanza kulia.

Zéphyrin alimwekea mkono kichwani. Akatoka kwenda kumwita Lino.

*

Saa sita mchana watu kumi na sita wa mchezo walikusanyika chini ya ukuta wa kanisa. Lino aliwaeleza yaliyotokea. Akasema twende wote, tuwe wengi, waone kwamba sisi ni wanakwaya tu.

"Katekista," alisema mmoja, "tukienda wengi si ndiyo tutafanana na jeshi?"

"Basi nani aende?"

Huyu alikuwa na mgonjwa. Yule, mtama wake ulikuwa bado uko shambani. Wa tatu alisema anakwenda kumuaga mkewe, akaenda kweli, na hakurudi. Hakukuwa na ugomvi. Waliondoka kwa adabu, wakimpa Zéphyrin pole na kumshika mkono kwa mikono miwili, kama watu wanaotoka msibani. Mwishowe walibaki Lino, Zéphyrin, na mjane mmoja aitwaye Paska, mpiga pembe, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yamekwisha lakini pumzi bado.

"Mama Paska, na wewe nenda nyumbani," alisema Lino.

"Nimezika wanaume wawili," alijibu Paska. "Niogope kamba iliyofungwa barabarani? Fundi, nitakaa nyuma ya baiskeli yako. Usiniangushe."

Zéphyrin alikwenda kuchukua baiskeli. Kutoka kibandani kwake njia moja ilikwenda kaskazini, Koboko. Nyingine ilikwenda mpakani, na kabla ya jua kuzama mtu angeweza kuwa Aru, anakunywa maji kwa dada yake. Alisimama pale akishika usukani, na magurudumu, wala hakujua ni nani aliyeyageuza, yalikuwa yanaelekea mpakani.

Alikuwa mtu wa kusali kila siku, rozari mkononi, maneno yale yale. Mchana ule maneno yale hayakuja. Alisema tu, kwa sauti, kama anayezungumza na mteja:

"Bwana, mimi ni mwoga, unajua. Sikuombi moyo wa simba. Nipe miguu ya kufika tu. Mengine tutaona huko."

Hakusikia sauti yoyote. Hakuona ishara. Woga haukumtoka. Lakini aligeuza baiskeli, na ikageuka.

*

Walilala njiani, wote watatu, kwa katekista mmoja rafiki yake Lino, wakafika kwenye rodibloki Jumamosi asubuhi. Léontine alikuwa ameketi juani kando ya kibanda cha nyasi, kanga yake imejaa vumbi, na mbele yake vigae vya mitungi minane vikiwa vimepangwa kama ushahidi mahakamani. Mitungi kumi na miwili mizima ilikuwa pembeni. Miwili kati yake askari walikuwa wameifanya ya maji ya kunywa, na siku mbili zote yeye ndiye aliyetumwa mtoni kuijaza. Alipomwona mume wake alitikisa kichwa kidogo sana: rudi.

Mkubwa wa pale alikuwa Sajini Meja Nasuru, mtu mnene, mwenye kofia iliyopigwa pasi. Aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Vueni viatu. Kaeni chini."

Wakavua, wakakaa. Askari kijana mmoja akachukua pembe ya Paska, akachungulia ndani, akaipuliza, ikatoa mlio wa ndama mgonjwa. Wenzake wakacheka. Paska akatazama pembeni.

"Huyu mama," alisema Nasuru, "siku mbili namuuliza swali moja tu. Gideoni iko wapi? Ananiambia Gideoni amekufa zamani. Namuuliza, amekufa lini? Anasema mbele ya Yesu kuzaliwa. Mimi nafanana na mutu wa kuchezewa?"

"Afande," Lino alianza, "mimi ndiye katekista. Ukiniruhusu, naweza kueleza..."

"Sijauliza katekista. Mimi nauliza Gideoni. Nani Gideoni hapa?"

Léontine alikuwa amefumba macho. Zéphyrin alitazama miguu yake isiyo na viatu, akaona inatetemeka, akashangaa kwamba pamoja na kutetemeka ilikuwa imeanza kusimama.

"Ni mimi, Afande," alisema. "Gideoni ni mimi."

Askari wawili wakaweka mikono kwenye bunduki zao.

"Wewe?"

"Mimi. Lakini ni muchezo. Mimi niko fundi baiskeli. Huyu mama ni bibi yangu, alikuwa ananificha. Hii Midiani si Midia ya kwenu, Afande. Ni jina ya inchi ya zamani. Ile '-ni' ya mwisho haitoki. Ni ya jina yenyewe."

"Mimi nimezaliwa Midia. Unataka kunifundisha jina?"

"Hapana, Afande."

"Kama ni mchezo, cheza."

"Hapa?"

"Hapa. Sasa. Nikiona unadanganya, mimi na wewe tutakwenda mahali ingine."

Kando ya barabara askari walikuwa wameanza kuchimba shimo la takataka. Zéphyrin aliingia humo. Hakuhitaji kuigiza sana. Alijikunja, akapura ngano isiyokuwapo, akachungulia ukingoni akaona kofia ya Sajini Meja, akazama tena upesi. Askari mmoja akaguna kwa kicheko. Lino akawa malaika, akatamka kwa sauti nzito, "Salamu, ewe shujaa!" na Zéphyrin, ndani ya shimo, akageuka kutazama nyuma yake kuona ni shujaa gani anayesalimiwa. Hilo halikuwa kwenye karatasi. Lilimtoka tu. Askari wote wakapasuka kucheka, na mmoja akalazimika kukaa chini.

Nasuru hakucheka. "Endelea. Hii watu mia tatu inatoka wapi?"

Zéphyrin akatoka shimoni. Aliona kwamba anazungumza, na sauti ni yake.

"Walikuwa wengi, Afande, maelfu. Mungu akasema, hii ni wengi sana, watafikiri wameshinda kwa nguvu yao. Waoga warudi nyumbani. Wakarudi wengi. Akasema bado. Wapeleke kwenye maji wakunywe, pale nitakuchagulia. Wale waliopiga magoti na kujinywea, hapana. Wale walioteka na mukono, hivi..."

Alichota kwenye mtungi wa maji kwa kiganja kimoja, akakiinua kinywani, macho yakiwa mbele. Maji yakamtiririka hadi kiwikoni.

"Ngoja," alisema Nasuru.

Akasogea hadi karibu na mtungi.

"Rudia hiyo ya mukono."

Zéphyrin akarudia.

Sajini Meja aliivua kofia yake, akaishika kifuani. "Hiyo naijua. Hiyo mwalimu wetu alitufundisha chuoni, pale msikitini, mimi nikiwa mdogo hivi. Taluti mufalme na jeshi yake. Walifika mtoni, wakaambiwa, anayekunywa si wangu, isipokuwa anayechota kiganja kimoja. Wengi wakakunywa. Wachache wakavuka." Alimgeukia Lino karibu kwa hasira. "Katekista! Hii hadithi ni yetu. Nyinyi mumeitoa wapi?"

"Afande," alisema Lino kwa uangalifu, "sisi tunamwita Gideoni."

"Ni Taluti."

"Inawezekana kila mmoja alikuwa na mto wake, Afande."

Nasuru akawatazama wale watatu: katekista mwembamba, fundi baiskeli aliyelowa maji mkono mzima, na bibi kizee asiye na meno ya mbele.

"Karatasi inasema mia tatu. Wengine wako wapi?"

"Wamerudi nyumbani, Afande," alisema Zéphyrin.

Tumbo la Sajini Meja lilianza kutikisika kabla mdomo haujafunguka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa karatasi ile ile ya ushahidi.

"Wamerudi! Kama wale wale!" Akamwelekea Léontine, na sauti yake ikashuka. "Mama, simama. Toka kwa jua. Nimekukosea. Hii mitungi yako yenye tulivunja, vijana wangu watakuja kesho Midia kufanya kazi ya kuilipa. Unahitaji watu gani, Gideoni?"

"Wamidiani, Afande, wale adui ya Gideoni. Tumekosa Wamidiani."

"Nitakuletea kumi."

Léontine alisimama kwa shida, miguu imekufa ganzi. Alikwenda kwa mume wake, na mbele ya askari wote akamshika sikio kama anavyoshikwa mtoto.

"Nilikuambia urudi."

"Nimeona."

"Siku mbili nimekataa kutaja jina lako. Siku mbili! Na wewe unakuja kujitaja mwenyewe."

"Nilichoka kukaa nyuma," alisema Zéphyrin.

Léontine hakuliachia sikio mara moja. Alipoliachia, alikuwa anacheka na kulia pamoja, na Paska alikuwa amekwisha kumnyang'anya yule askari pembe yake na kumfundisha namna ya kubana midomo.

*

Jumapili jioni, jua lilipozama, uwanja wa kanisa la Midia ulikuwa umejaa mpaka watoto walipanda juu ya mikokoteni. Habari zilikuwa zimewafikia Wakristo na Waislamu kwamba Sajini Meja atakuwa mkubwa wa Wamidiani. Kwaya ya Midia ilitoa watu tisa wa kuwa jeshi la Gideoni pamoja na Lino, Paska na Zéphyrin, kila mtu na mtungi wake. Askari kumi, bila bunduki, walilala katikati ya uwanja wakijifanya wanakoroma, na mmoja alikoroma kwa bidii hadi Nasuru akampiga teke.

Zéphyrin alitoka katika shimo lililochimbwa ukingoni mwa uwanja. Alisimama mbele. Hakukuwa na mtu mbele yake isipokuwa giza na wale Wamidiani, na nyuma yake alisikia pumzi za watu wanaomngoja yeye. Hofu ilikuwapo. Aliitambua, kama mtu anavyomtambua jirani, akaipita.

"Upanga!" alipiga kelele.

Mitungi ikapasuka, mienge ikawaka, pembe ya Paska ikalia hadi mbuzi wakakata kamba. Wamidiani waliamka, lakini wakasimama pale pale wakitazamana. Askari hawakuwa na desturi ya kukimbia mbele ya watu wa kwao.

"Kimbieni!" alinguruma Nasuru. "Ni amri!"

Ndipo wakakimbia, na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Walikuwa wanakimbia vizuri kabisa, wakianguka na kupiga mayowe, pale alipotokea kutoka nyumba ya jirani bibi mmoja mfupi, mchi mkononi. Alikuwa Hawah, mama yake Nasuru, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia lolote. Alikuwa amesikia pembe na kelele, akaona moto, akaona mwanawe mkubwa anakimbia kuja kwake. Hakuuliza. Alimpisha mwanawe, akamshindilia mchi matakoni askari aliyemfuata.

"Mama! Mama, ni mchezo!" Nasuru alimkumbatia kwa nyuma, akimnyanyua miguu kutoka chini.

"Mchezo gani? Nani anakukimbiza?"

"Ni Taluti, Mama! Taluti na jeshi yake!"

"Ni Gideoni," alisema Lino kutoka gizani.

Hawah aliwekwa chini. Alitazama vigae, mienge, na watu waliokuwa wanacheka huku wakishikana mabega ili wasianguke. Akamtazama Zéphyrin, aliyebaki ameinua mwenge.

"Taluti mimi nampenda," alisema. "Na nyinyi mumeanza bila mimi." Alikwenda mbele, akakaa chini, akanyoosha miguu, akaweka mchi mapajani. "Haya. Anzeni tena."

"Mama yetu, mitungi imekwisha," alisema Léontine. "Yote imevunjika."

"Kwani watu hawana midomo?"

Wakaanza tena. Zéphyrin aliingia shimoni, akatoka, akaongoza. Na alipopiga kelele mara ya pili, uwanja wote, wa kanisani na wa msikitini, wazee na watoto na Wamidiani waliolala chini, walivunja mitungi kwa vinywa vyao kwa pamoja, mlio mmoja mkubwa uliogonga mabati mapya na kurudi.

Léontine alishika kiuno, akasikiliza hadi mlio ulipoisha.

"Vyungu hivyo vya midomo," alimwambia Paska, "vimelia vizuri kuliko vyangu."